Namna ya kumpata fundi wa bastola ya 1911 nchini Marekani kwa mfuko mdogo

Mwongozo huu ni wa Mswahili anayeishi Marekani, anayeruhusiwa na sheria kumiliki silaha, na anayetaka bastola ya 1911 (hilo ni jina la modeli, si mwaka ilipotengenezwa) iliyopita mikononi mwa fundi. Naamini jambo moja na nitalirudia: fundi mzuri utamjua kwa jinsi anavyoijaribu kazi yake kabla ya kukukabidhi. Picha za bastola zinazong'aa ukutani hazitakwambia hilo, na bei yake haitakwambia. Muulize anavyojaribu, kisha nyamaza umsikilize.

Hatua ya kwanza: jiulize kama unahitaji fundi

Bastola ya 1911 ilibuniwa na John Moses Browning. Jeshi la Marekani liliipokea rasmi mwezi Machi 1911, ikabaki bastola yake ya kawaida hadi mwaka 1985 ilipoipisha Beretta M9. Ilisanifiwa kwa risasi ya .45 (kipenyo cha karibu inchi 0.45) yenye pua ya mviringo na uzito wa greni 230, yaani karibu gramu 15. Leo viwanda vingi vinaitengeneza, kila kimoja kikiwa na vipimo vyake vinavyopishana kidogo, na wanunuzi wanailisha risasi zenye tundu puani ambazo haikusanifiwa kwa ajili yake. Vipuri vinavyouzwa kwa maneno kwamba unachomeka tu na kazi imekwisha, mara nyingi havikai mpaka vipigwe tupa kidogo hapa na pale. Ndiyo maana aina hii ya bastola imezaa mafundi wengi kuliko nyingine yoyote.

Kama unachotaka ni silaha ya kulinda nyumba tu, nakushauri kwa moyo mweupe: nunua bastola ya kiwandani yenye fremu (kiwiliwili cha bastola) ya plastiki, kwa mfano Glock 19, na pesa inayobaki lipia darasa la mafunzo na risasi za mazoezi. Fundi utakuwa humhitaji. Lakini kama umeipenda 1911, kwa triga yake inayorudi moja kwa moja nyuma na umbo lake jembamba mkononi, basi endelea kusoma, kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza pesa.

Viwanda vidogo vyenye sifa kubwa, kama Wilson Combat ya Berryville, Arkansas, huuza bastola zao kuanzia zaidi ya dola 3,000. Ni kazi safi, na wengi wetu hatuiwezi. Njia ya mwenye mfuko mdogo ni kuchukua bastola ya kawaida na kumpa fundi kazi chache zilizochaguliwa vizuri.

Hatua ya pili: sheria kwanza

Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua silaha akitimiza masharti mengine. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi, na misamaha iliyopo ni michache. Kila jimbo pia lina sheria yake. Kuna majimbo yanayotaka kibali kabla hujaigusa bastola, na mengine hayataki. Kama hali yako ya uhamiaji haijakaa sawa, zungumza na mwanasheria kabla ya kuingia dukani, maana kosa la silaha linaweza kukurudisha nyumbani.

Fundi anayepokea silaha za watu kwa biashara lazima awe na leseni ya shirikisho kutoka ATF, idara ya serikali inayosimamia silaha. Wengi wana leseni ya aina ya 01, ambayo ni ya wauzaji na mafundi, na wengine wana aina ya 07, ya watengenezaji. Muombe nakala. ATF ina ukurasa uitwao FFL eZ Check ambapo unaingiza tarakimu tatu za mwanzo na tano za mwisho za namba ya leseni, nao unakuonyesha kama leseni ipo hai. Ni dakika mbili tu. Fundi akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu lako.

Kuna alama nyingine watu wengi hawaijui. Silaha ikilala kwa fundi, sheria inamtaka aiandike kwenye daftari lake la kupokea na kutoa: kiwanda, modeli, namba ya silaha, jina lako na anwani. Ukikabidhi bastola na yeye akaitia kwenye droo bila kuandika chochote, ichukue uondoke. Mtu asiyeandika anachotakiwa na serikali kuandika hatakumbuka pia kupima anachotakiwa kupima.

Fundi akiwa jimbo lingine, sheria ya shirikisho inamruhusu mwenye silaha kuituma moja kwa moja kwa fundi mwenye leseni, na fundi kumrudishia mwenyewe kazi ikiisha. Shida huwa kwa wasafirishaji, kwa kuwa kampuni kubwa za vifurushi hazipokei tena bastola kutoka kwa mtu binafsi. Njia iliyonyooka ni kupitia duka la silaha lenye leseni mtaani kwako. Litaituma bastola kwa niaba yako, kwa ada. Hesabu ada hiyo pamoja na bima ya njiani, kwenda na kurudi, ndipo ulinganishe na fundi wa karibu. Mara nyingi fundi wa karibu anayeonekana ghali hugeuka kuwa nafuu.

Kwa mnaosoma mkiwa Dar es Salaam au Nairobi: usishawishike kumwomba ndugu akutumie bastola au vipuri vyake kutoka Marekani. Kuvitoa nchini humo kuna utaratibu wa leseni ya kusafirisha nje, na kuviingiza kwetu kuna sheria nyingine nzito.

Hatua ya tatu: orodhesha unachotaka, kisha kikate

Kaa chini na karatasi. Andika kila unachokitamani, halafu kipange kwa swali hili: je, kinafanya bastola iwake kila mara, au kinapendeza tu?

Kwa mfuko mdogo mimi napanga hivi. Kwanza magazini, kile kisanduku kinachobeba risasi ndani ya mpini. Sehemu kubwa ya kukwama kwa 1911 hutoka kwenye magazini mbovu, na magazini nzuri ni nafuu kuliko saa moja ya fundi. Nunua tatu au nne za ubora, zipe namba kwa kalamu ya rangi chini ya kitako, uone kama tatizo linafuata magazini moja. Kuna watu waliolipa fundi mamia ya dola kutibu ugonjwa uliokuwa kwenye kisanduku cha bati.

Pili, spring. Bastola ya .45 yenye mtutu wa inchi 5 hutumia spring ya slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila unapopiga) ya pauni 16, nayo huchoka. Kwa bastola iliyotumika, ibadilishe bila kuuliza.

Tatu, ekstrakta, kile kikulabu kirefu ndani ya slaidi kinachoshika ganda na kulivuta kutoka kwenye chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Katika 1911 kikulabu hiki ni spring chenyewe. Kikibana mno, risasi haipandi. Kikilegea, ganda halitoki. Bastola nyingi za bei nafuu huja na ekstrakta iliyomiminwa kwenye kalibu kwa unga wa chuma, nayo haidumishi mkazo kama ile iliyochongwa kwenye chuma cha spring. Hapa weka pesa.

Nne, mdomo wa chemba na mteremko wa fremu, njia ambayo risasi hupanda kutoka kwenye magazini kuingia kwenye mtutu. Tano, vilengeo unavyoviona vizuri, hasa kama umri umeanza kugusa macho. Sita, triga. Rangi na mapambo ni mwisho kabisa.

Kata kabisa vipele vya kuchongwa mbele ya mpini. Vinapendeza, lakini ni saa nyingi za kazi ya mkono, na karatasi ngumu ya kubandika inayozuia kuteleza hufanya kazi hiyo hiyo kwa dola chache. Kata pia mtutu wa mashindano na kubana slaidi. Bastola za zamani za jeshi zilikuwa zimelegea kidogo, na zilivumilia matope. Ukibana kila kitu kwa ajili ya shabaha ya karatasi, unaanza kulipia uwezekano wa kukwama.

Hatua ya nne: muone fundi kabla ya kununua bastola

Wengi hununua bastola kwanza kwa sababu ilikuwa na punguzo, kisha wanatafuta wa kuitengeneza. Geuza mpango. Nenda kwa fundi ukamuulize: “Bastola gani ya msingi unapenda kuifanyia kazi, na ipi huipokei?” Jibu lenye sababu ni dalili njema. Fundi mmoja atakwambia anapenda Springfield Armory kwa kuwa fremu yake imefuliwa. Mwingine atakubali Rock Island Armory, zinazotengenezwa na Armscor nchini Ufilipino, ambazo fremu yake ni ya kumimina lakini ni chuma kizuri na bei yake ni ya chini. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Anayesema “lete yoyote tu” hajafikiri.

Muulize pia alijifunza wapi. Kuna vyuo vinavyofundisha ufundi huu kwa kina, kama Trinidad State College na Colorado School of Trades, vyote vya jimbo la Colorado. Kuna pia wazee waliojifunza benchi kwa benchi chini ya fundi mwingine, na baadhi yao ndio bora kuliko wote. Usichanganye mafunzo hayo na cheti cha kiwanda cha kubadilisha vipuri. Kozi ya Glock ya aina hiyo, kwa mfano, ni ya siku moja. Ni cheti halali kwa bastola hiyo, lakini hakimfundishi mtu kupiga tupa kwenye 1911.

Hatua ya tano: mtazame mikono

Hii ndiyo hatua ninayoijali kuliko zote. Ukiingia dukani na bastola kwenye mkoba wake, tazama anachofanya kwanza. Fundi wa kweli huitoa magazini, huvuta slaidi nyuma, huangalia chemba kwa tochi, kisha hutia kidole kuhakikisha, hata kama umemwambia haina kitu, hata kama amekuona ukiangalia mwenyewe. Mdomo wa mtutu hauelekei mtu hata mara moja. Asipofanya hivyo, usibaki.

Mwombe akuonyeshe anavyopima ekstrakta. Kuna fundi mzee niliyewahi kumtazama akiifanya kazi hii. Alitoa slaidi, akaondoa mtutu, akachukua risasi ya bandia isiyo na baruti na kuiteleza chini ya kikulabu mpaka ikakaa kwenye uso wa slaidi. Akainua mkono. Risasi ikaning'inia. Akaitikisa taratibu, nayo ikakaa. Akaitikisa kwa nguvu kidogo zaidi, ikadondoka kwenye kiganja. “Legevu kidogo,” akasema. Akakitoa kikulabu, akakipinda kwa nafasi ndogo ambayo jicho langu halikuiona, akakirudisha na kupima tena, kisha tena, mpaka akaridhika. Kisha akachukua tupa laini akalainisha ukingo wa chini ambapo kitako cha risasi hupandia. Hakukuwa na mashine yoyote. Kazi ya namna hiyo haitaonekana kwenye picha, na ndiyo inayokufanya uiamini bastola usiku wa manane.

Sasa muulize kuhusu mteremko wa risasi. Jibu unalotaka kusikia ni kwamba fremu huguswa kwa tahadhari sana, kwa sababu pembe yake ni nyuzi 31.5 na ikishaharibika fremu nzima imeharibika. Kwamba kazi kubwa hufanywa kwenye mdomo wa mtutu, kitu kinachoweza kubadilishwa. Na kwamba kati ya fremu na mdomo huo lazima ibaki ngazi ndogo ya kama 1/32 ya inchi, yaani kidogo chini ya milimita moja. Akikwambia atapitisha mashine ndogo ya kuzungusha mpaka kila kitu kiwe laini kama kioo bila kupima, mshukuru na uage. Bastola nyingi nzuri zimeuawa na mng'aro huo.

Kwenye triga kuna mtego. Kila mtu anataka triga nyepesi. Kwa bastola ya kubeba au ya nyumbani, pauni 4 hadi 5, yaani takribani kilo 2, ni nyepesi ya kutosha na salama. Ukiomba pauni 2, fundi mwadilifu atakataa, na anapaswa kukataa, kwa sababu nyundo inaweza kufuata slaidi inapofunga na risasi ikatoka bila kidole. Vivyo hivyo kwa vizuizi vya usalama. Tangu miaka ya 1980 Colt wana mfumo wa Series 80 unaozuia pini inayopiga kitako cha risasi isiende mbele mpaka triga ivutwe. Wapo wanaotaka uondolewe ili triga iwe laini. Fundi anayekubali kuondoa kizuizi cha usalama kwa sababu mteja analipa, atakubali na mengine pia.

Ndipo unauliza lile swali la msingi: “Unaijaribuje kabla hujanikabidhi?” Fundi makini atakwambia anaipiga kwa risasi halisi, si kwa kuvuta slaidi mezani tu. Atakuuliza wewe unatumia risasi gani, na ataomba umletee boksi la hizo hizo pamoja na magazini zako mwenyewe. Atapima kina cha chemba kwa geji, atapima triga kwa mizani, na ataandika. Wapo wanaotaka kukupa bastola na kukuambia “kapige, ukiona tatizo nirudishie.” Huyo anataka wewe umfanyie majaribio kwa gharama yako.

Hatua ya sita: maandishi na pesa

Omba hati ya kazi yenye namba ya silaha, kila kazi ikiwa na bei yake, majina ya vipuri, muda, na aina ya risasi ambazo bastola lazima izile. Andika kwamba vipuri vyako vya zamani vitarudishwa. Andika kwamba jambo lolote la ziada litafanyika baada ya wewe kukubali, kwa maandishi.

Advansi ya kununulia vipuri ni ya haki. Kulipa kazi yote kabla haijaanza si ya haki, hata kwa fundi mwenye jina. Mafundi wengi ni watu wa peke yao kwenye gereji au kibanda. Wanaugua, wanazeeka, wanafunga duka. Pesa yako ikiwa imekwenda na bastola imo ndani, unabaki na kesi. Kuhusu muda, foleni ndefu si dalili mbaya, ila muulize kama anaweza kukupa nafasi kwenye foleni huku bastola ikikaa kwako mpaka zamu ifike. Wengi hukubali.

Gawanya kazi kwa awamu. Awamu ya kwanza iwe ya kuwaka bila kukwama tu: magazini, spring, ekstrakta, mdomo wa chemba. Itumie miezi kadhaa. Kama fundi alifanya vizuri, rudi na pesa ya vilengeo na triga. Kama hakufanya vizuri, hasara ni ndogo na umemjua. Rangi iache mpaka kazi zote za chuma zimekwisha, maana kila tupa itakayogusa baadaye itaiharibu.

Hatua ya saba: siku ya kuichukua

Usiipokee ikiwa imefungwa kwenye boksi. Mbele yake, ukiwa umehakikisha haina risasi na mtutu umeelekea mahali salama, fanya mambo haya. Koki nyundo, pandisha lachi ya usalama, vuta triga; nyundo isianguke. Achilia triga, shusha lachi. Nyundo bado isianguke. Shika mpini bila kubana kile kizuizi cha usalama kilicho nyuma ya mpini, vuta triga; nyundo isianguke. Kisha vuta triga ianguke, endelea kuishikilia ikiwa imevutwa, vuta slaidi na kuirudisha; nyundo ibaki imekokiwa mpaka uachilie triga na kuivuta upya. Jambo moja likishindikana, bastola haitoki dukani.

Ikipita, nenda uwanja wa shabaha na risasi za mazoezi, na walau risasi 200 za aina utakayoitegemea. Ni gharama, na .45 si risasi ya bei rahisi, kwa hiyo itie kwenye bajeti tangu mwanzo. Ukikosa pesa ya vyote viwili, punguza kazi ya fundi, usipunguze majaribio. Ikikwama, usipige na kuhangaika. Andika ni magazini namba ngapi, ni risasi ya ngapi ndani yake, ganda limebaki wapi, na slaidi imesimama kwa umbali gani. Piga picha ikiwa imekwama vile vile, mdomo wa mtutu ukielekea shabaha. Mpelekee fundi daftari hilo, magazini ile ile, na boksi la risasi lenye namba ya toleo.

Nyumbani, bastola iingie kwenye sanduku la chuma lenye kufuli siku ile ile, hasa kama kuna watoto au wageni wanaoingia na kutoka. Hati ya kazi na vile vipuri vya zamani viweke kwenye bahasha moja, namba ya silaha ikiwa imeandikwa juu. Fundi wa kesho, awe yule yule au mwingine, ataanzia hapo.